Bomba Lililozibwa

Fundi wa milango ya nakshi wa Mji wa Kale hana subira na ufa. Vidole vyake hupapasa kila ubao, na penye mwanya hujaza unga wa mbao na gundi. Vita vya Hitla vilipokwisha, aliitwa kanisani kutengeneza kinanda kikuukuu cha mabomba ya mbao. Bomba refu kuliko yote lilikuwa na mwanya chini. Akauziba, akaupiga msasa.

“Fundi, hapo ndipo linapotolea sauti!” mpiga kinanda alimaka.

“Nilidhani ni ufa, mwalimu.”

Alizibua kwa patasi, ukingo ukameguka. Bomba likabaki kupumua tu, bila sauti. Sasa kila Jumapili fundi husimama nje ya dirisha la kanisa, mfuko wa zana begani. Wimbo ukifika kwenye ile sauti nzito isiyokuwapo, yeye huivumisha kooni mwake, pengo lisisikike.