Mama Lishe wa Chapwa na Vidole Vinavyogomea Mwiko

Saa mbili asubuhi, Chapwa, mjini Tunduma. Malori yamepanga foleni kusubiri kuvuka mpaka, na Tupokigwe Mwampashi anagombana na mwiko. Ugali ukianza kukaza anauachia, anapuliza vidole vilivyovimba.

"Ruti, njoo usonge wewe. Na leo madonge sitaki!" anamwambia msaidizi wake.

Mama lishe huyu wa miaka 47 amewapikia madereva kwa miaka kumi na tisa. Tangu mwaka jana viungo vya mikono vinamuuma kila asubuhi. Hospitali walimpa vidonge, anameza. Kinachomchosha ni washauri.

"Huyu acha maharage, yule acha nyanya. Dada yangu wa Mbebe kanipigia simu niache hata parachichi! Nikiwasikiliza wote nile nini, upepo?"

Hata hivyo aliwasikiliza. Miezi miwili alikula ugali kwa chumvi, akakonda, na uvimbe wa vidole haukupungua hata chembe.

Ndipo tabibu wa zahanati alipomwambia aandike kila kinachoingia mdomoni kwa wiki moja. Akapeleka karatasi iliyosomeka kama ya mtu aliyefunga kula. Bintiye Angel, aliyemsindikiza, akashindwa kunyamaza.

"Mama, mbona maandazi hujaandika? Chipsi je? Na soda za madereva?"

"Hizo naonja tu! Kuonja nako ni kula?"

Kwa siku zilikuwa soda nne, maandazi matano ya kuonja kama sukari imekolea, na chipsi za mafuta yaliyokaangiwa tangu juzi. Soda wanamnunulia madereva kwa heshima, naye huona kuikataa ni kumtukana mteja.

Tabibu hakuahidi muujiza. Alisema sukari nyingi na vya kukaanga huenda vinachochea uvimbe. Maharage na mboga arudie, vidonge asiache.

"Nilinuna wiki nzima," anakiri. "Nimefukuza maharage bure, mwizi nikamwekea kiti!"

Huu ni mwezi wa pili anaonja kwa ncha ya kijiko. Vidole vinakunjuka mapema kidogo, lakini mwiko bado unamshinda. Desemba Angel anaolewa, na Tupokigwe ameapa kuusonga ugali wa harusi kwa mkono wake mwenyewe.

Watson, dereva kutoka Zambia, anamsogezea chupa. "Bamayo, mama yangu, soda yako hii."

"Watson, nikwambie mara ngapi? Ukitaka kuniheshimu, kula ugali wa Ruti kimya kimya mpaka Desemba."

Watson analitazama donge kwenye sahani yake. Anafumba macho, anameza.