Kidole cha Bi Sawaguchi

Sisi tunaopanga safari za ndege, hapa kwenye kiwanja chetu kidogo cha Hokkaido, kila tunachokikagua tunakinyooshea kidole na kukitaja kwa sauti. Wote tunafanya hivyo. Lakini Bi Sawaguchi Tomoe, jamani, amezidi! Hata birika la chai: "Moto umezimwa, sawa!" Mumewe anasema hata soksi zake hukaguliwa.

Februari ile alikuwa na mtihani wa kazi. Mwaka uliotangulia alifeli. Akifeli tena, kaunta ya mizigo inamsubiri. Miaka ishirini na sita unapanga njia za ndege, halafu ukapokee masanduku!

"Dada, leo punguza sauti, utampasua mtahini masikio," nikamtania.

"Mdomo wa Kaji, ufungwe, sawa!" akaninyooshea kidole.

Mtahini, Bwana Ushijima, alikuwa amefika jana yake kutoka Tokyo. Asubuhi hiyo ukungu uliziba milima, na ndege ya Tokyo ilipaswa kutua kwa njia nyembamba, RNP nukta tatu. Ukisikia RNP, ujue ndege inajikagua yenyewe. Ikishindwa kuhakikisha ilipo, inampigia rubani kelele. Nukta tatu ni sehemu tatu za kumi za maili, ndizo ndege inazoruhusiwa kupotoka, kushoto au kulia. Si kila ndege ina kibali.

"Njia, RNP nukta tatu, sawa! Ndege, ina kibali, sawa!" akakagua Bi Sawaguchi mbele ya mtahini.

Ushijima akachora duara la kufaulu. Tukapiga makofi.

Bi Sawaguchi akatoa tonge lake la wali; kila siku hununua la samaki samoni. Akalinyooshea kidole. "Samoni, sawa..." Karatasi iliyolifunga ilisema plamu, lile tunda chachu. Kidole kikabaki hewani.

"Maskini mimi! Mdomo umetangulia macho!"

Akakimbilia ubao wa ratiba za ndege. Kumbe alfajiri ndege ilibadilishwa, na yeye alikuwa ametaja ile ya kila siku. Hii ya akiba haikuwa na kibali. Akapiga simu Tokyo mbio. Kwa bahati ilikuwa haijaondoka; akaagiza iongezwe mafuta, itumie njia pana, na ukungu ukikataa iende Sapporo.

Kisha akamgeukia Ushijima. "Bwana, nimekosea. Ndege ile haina kibali."

Nilitamani kumziba mdomo. Si angesema tu ndege imebadilishwa? Nani angejua!

Ushijima akalifuta duara, akaweka mkasi, alama ya kufeli. "Sheria ni sheria, Bi Sawaguchi."

Bi Sawaguchi akainyooshea kidole karatasi ya mtihani. "Nimefeli, sawa." Nilitoka nje, maana machozi yalishanifika.

Ndege ilizunguka mara mbili, ukungu ukapanda, ikatua. Ilikuwa irudi Tokyo mchana huohuo, na Ushijima akaja kaunta ya mizigo. Aliyempokea ni nani? Bi Sawaguchi, na sare mpya isiyomkaa.

"Begi moja, Tokyo, sawa!"

Ushijima akainama, chini kuliko mkubwa anavyomwinamia mpokea mizigo.

"Utarudia mtihani Aprili. Nimeomba nije mimi mwenyewe." Akasita, akakuna shingo. "Lakini leo, mama, kabla sijapanda... njia yangu ya kurudi, naomba unikagulie wewe."