Mstari Usiochapwa

Habari nilizipata Jumanne asubuhi kwa simu ya bintiye: yule mama Mkongomani aliyekuwa akipanga kurasa katika kiwanda kidogo cha uchapaji huko Kawempe amefariki. Wasomaji wangu wa siku nyingi hamumjui, maana jina lake halikuwahi kuwekwa kwenye kitabu chochote, ingawa huenda baadhi yenu mmeishika kazi yake mikononi. Mimi nilifanya naye kazi moja tu, na saa chache za siku ile sijazisahau hadi leo.

Nieleze kwanza alivyofanya kazi. Si vigumu, tuende taratibu. Mwandishi humletea maneno matupu yenye alama ndogondogo: alama ya reli mbele ya kichwa cha habari, nyota kwenye neno la kusisitiza. Programu huyapitisha maneno hayo kwenye faili nyingine iitwayo kiolezo, na kiolezo ndicho kinachoamua upana wa pambizo, ukubwa wa herufi na umbo la majedwali. Mama alipenda kusema kwamba maneno ni mwili na kiolezo ni mshono. Nguo ikibana, humkati mtu, unafumua mshono.

Kitabu chetu kilikuwa cha wahudumu wa afya wa kujitolea katika kambi ya wakimbizi. Mimi nilikuwa mtafsiri. Siku ya kuchapa, wenye kitabu wakataka kiwe kidogo, cha kutia mfukoni. Ukurasa ukasinyaa, majedwali ya dawa yakagoma kusinyaa, na safu ya mwisho kulia, ile ya watoto wadogo, ikaangukia nje ya karatasi. Mhudumu angebaki na kipimo cha mtu mzima peke yake. Mama alikuwa ametoka kutafuta chakula, na lori la kuvipeleka vitabu kambini lilipaswa kuondoka saa kumi. Basi nikafungua kurasa zilizokwisha pangwa, nikasogeza safu kwa mkono, jedwali baada ya jedwali, nikajiona fundi. Aliporudi akazikagua, akaziona sawa. Sikumwambia kitu. Kisha daktari aliyekihakiki kitabu akapiga simu kusahihisha neno moja. Mama akalisahihisha kwenye maneno matupu, akayapitisha upya kwenye kiolezo. Kazi yangu yote ikafutika, nami nimesimama palepale nikinywa chai, sijui.

Mashine ikaanza kunguruma. Mama akachukua karatasi ya kwanza, akaitazama, akabonyeza kitufe chekundu.

“Nnyabo, mama wewe, unazima mashine ya nani?” mwenye kiwanda akafoka. “Lori iko hapa nje, dereva anapiga honi!”

“Bosi, watoto hawamo.”

“Watoto gani? Chapa! Wataandika na kalamu hukohuko.”

“Unifukuze kesho, bosi. Leo uniache kwanza.”

Akaketi. Katika kiolezo akaongeza mistari mitatu: pambizo ziwe nyembamba, herufi zipungue ukubwa ndani ya majedwali tu, na maneno yakifika ukingoni yashuke chini. Akapitisha upya. Majedwali yote yakaingia kwa mara moja. Lakini honi ilikuwa imekwisha nyamaza; lori limeondoka tupu.

“Nani alipitisha kurasa zile?” bosi akauliza. Mimi nikatazama ukuta.

“Zilipita kwangu,” mama akasema.

“Basi kesho imeshafika.”

Akachukua mkoba wake akaenda. Vitabu vilisafiri siku mbili baadaye, vikiwa kamili. Naye aliitwa arudi baada ya miezi miwili, kwani hakuna mwingine aliyekiweza kiolezo kile.

Baada ya mazishi nilipita kiwandani, nikaomba kukiona kiolezo. Bado kinatumika. Ndani yake, mstari ukianza na alama ya asilimia hauchapwi. Ni ujumbe kwa fundi atakayefuata. Juu ya ile mistari mitatu mama ameandika: “Usisogeze ukurasa kwa mkono. Ukipitisha upya, kazi ya mkono inafutika. Rekebisha hapa.” Kumbe alijua. Hakutaja mtu, hakulaumu, alifundisha tu.

Nimejifunza kwake kwamba kosa hurekebishwa pale linapozaliwa, na likiwa langu, nilitaje kabla mwingine hajalibeba. Nikaongeza mstari wangu chini ya wake: aliyesogeza kwa mkono siku ile ni mimi. Lakini mistari ya namna hiyo haichapwi. Ndiyo maana nimeuandika na hapa.