Mchumba Wangu Anajua Ule Ushindi Haupo

Admin, pitisha hii lakini jina langu lisionekane, kwa sababu yeye pia anafuata hii page.

Mimi ni dada wa miaka 26, kwetu ni Majimbo, Embu, lakini nimepanga chumba hapa Nchiru karibu na chuo ninakosoma. Nina mchumba tunasoma darasa moja, na utafiti wetu tunafanya pamoja. Tunachukua michezo ya chess ambayo kompyuta zimecheza zenyewe kwa zenyewe, tunatafuta mahali programu ilikuwa na ushindi mkononi na haikuuona. Watu hucheka, lakini ni hiyo kazi iliyotukutanisha.

Mwaka huu alipata mchezo mmoja ulioisha sare. Akaonyesha kwamba mweupe, yaani mwenye kete nyeupe, angetoa farasi wake kafara, angeshinda. Mwalimu wetu alifurahi sana, akasema tuuwasilishe mbele ya idara nzima, na wakiikubali, mchumba wangu anaweza kupewa nafasi ya kufundisha ambayo anaitaka kufa kupona.

Juzi nikitayarisha slaidi, nikaona kosa. Baada ya ile kafara, mweusi anaweza kumlazimisha mweupe kula ngome ya mweusi, ile kete ya mnara. Akishaila, ni zamu ya mweusi lakini hana kete yoyote inayoweza kusogea, na mfalme wake hajashambuliwa, na kwa sheria za chess hiyo ni sare. Hakuna ushindi wowote uliopotea. Kompyuta ilikuwa sawa.

Nilimkimbilia nikijua atashtuka. Aliangalia skrini kidogo tu, akafunga laptop.

"Najua," akasema. "Nilijua kabla yako."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia ili iweje? Hakuna mtu kwenye idara atachunguza hatua hadi hapo. Wewe bonyeza slaidi, kuongea niachie mimi."

Nikamwambia jina langu pia liko kwa hiyo kazi. Hapo ndipo alibadilika. Sijawahi kumwona na uso ule. "Wazazi wangu wanakuja kwenu mwezi ujao kuleta mahari, na wewe unataka kuniaibisha? Kama hunipendi sema."

Nililia. Akanishika mkono, akaniomba msamaha vizuri kabisa, akaninunulia hata chai. Lakini slaidi hakubadilisha.

Nilimpigia mama bila kumweleza mambo ya chess, nikamuuliza tu, mtu akidanganya kazini anaweza kudanganya nyumbani? Mama akaniuliza, "Kwani amekufanyia nini?" Nikakata simu.

Tunawasilisha kesho asubuhi. Nikisema ukweli, anapoteza ile kazi na mimi nampoteza yeye. Nikinyamaza, nitakuwa nimesimama kando yake nikibonyeza uongo, na sijui mangapi mengine anayajua ambayo hajaniambia. Bado nampenda. Ameniandikia sasa hivi, anauliza kama slaidi ziko tayari, na sijamjibu. Tafadhali, nyinyi mliopitia ndoa, nimjibu nini?