Lori Lililooshwa Msibani

Taarifa ilinikuta Dumila, nimesimama kando ya barabara nachagua vitunguu huku muuzaji akiniapia kwamba vyote vimetoka shambani jana. Ulikuwa ujumbe mfupi wa binti niliyesoma naye Mzumbe: baba yake amefariki alfajiri, usingizini. Mwishoni akaongeza kwamba magari yake yote bado yapo sebuleni. Msomaji ambaye hakumjua marehemu asidhani familia ile ilikuwa na sebule ya ajabu. Magari yenyewe yalikuwa ya plastiki, mengi hayazidi urefu wa kiganja. Mzee yule, aliyestaafu kazi ya kukagua magari ya ajali kwa niaba ya kampuni ya bima, aliyaunganisha kipande kwa kipande, akayapaka rangi, kisha akayachafua.

Hilo la kuyachafua ndilo lililotukutanisha. Siku binti yake aliponipeleka nyumbani kwao Kilakala, nilimkuta barazani na kibasi chekundu kinachong'aa. Aliitikia shikamoo yangu bila kuinua macho, akachovya brashi kwenye rangi nyeusi iliyozimuliwa na kuipitisha kwenye maungio ya milango. Akachukua kipande cha sponji, akagusagusa bampa kwa rangi ya kahawia hadi ungeapa kwamba lina kutu. Mwisho akaleta udongo uliokaushwa, ukatwangwa na kuchekechwa kwa kipande cha kanga, akauchanganya na gundi nyepesi na kuupaka kwenye matairi. Nikamwambia anaharibu kitu kizuri. Akaniuliza nani kasema basi limetengenezwa ili likae dukani. Nami sina tabia ya kuachia hoja njiani, nikambana: gari ambalo halijawahi kusogea hata hatua moja linadai limetoka safari, na huo si uongo? Lina tofauti gani na mtu anayejipaka tope viatuni ili aonekane katoka shamba? Akacheka. Alipenda kubishiwa kama alivyochukia kushindwa.

"Huyo wa viatu anadanganya habari zake mwenyewe," alisema. "Mimi naeleza habari za gari nililoliona."

Nikamwambia pia kwamba hii ni michezo ya watu walioshiba. Akakubali bila kusita, kisha akaniuliza mimi ninayeandika magazetini nimelima nini wiki ile.

Siku nyingine alinichukua hadi barabara inayoshuka kutoka Mgeta, nikaone kwa macho yangu tope linavyoshika gari. Palikuwa na lori la kabichi limepaki, akachuchumaa kwenye tairi la nyuma na kuingiza kichwa chini ya madigadi. Dereva akaja mbio. "Mzee, kama ni trafiki jitambulishe," alisema, "na kama ni mganga, jitambulishe pia." Mzee, kwa sauti ileile ya ofisini, akaeleza kwamba anakagua tope. Dereva akanigeukia na kuniuliza huyu nimemtoa wapi. Punde wawili hao walikuwa wanabishana kama tope la kupanda mlima linafanana na la kushuka, na tulipoondoka mzee alikuwa na kopo la mafuta ya kujipaka lililojaa udongo uliokwanguliwa kwenye lori la watu.

Katika magari yake yote, moja lilikuwa na kesi. Lilikuwa lori la mboga, alilolitengeneza kutokana na vipande vya lori la jeshi, bodi ya nyuma akaichonga kwa vijiti vya mianzi. Mlango wa kushoto ulikuwa umebonyea. Aliulainisha kwa mshumaa na kuubonyeza kwa kidole gumba. Hilo lilikuwa lori la baba mkwe wake, mkulima wa huko milimani, ambalo lilipinduka kwenye kona lilipokuwa likishusha kabichi mjini. Mzee, enzi hizo kijana wa bima, alitumwa kwenda kukagua hasara, akamkuta binti wa mwenye lori amekaa juu ya magunia, mzima, ana tope hadi kwenye nyusi, anawagombeza wanaume waliokuja kushangaa badala ya kuokota mboga. Hasara ya lori niliikadiria palepale, alikuwa akisema, ya moyo ikanishinda. Mkewe alisonya kila aliposikia hadithi hiyo. Yeye alikuwa na lalamiko moja tu, na alilirudia miaka yote: lori la baba yake halikuwa chafu vile. Lilioshwa kila Jumamosi, ili Jumapili liende Misa likiwa safi, na mume wake anauaibisha ukoo. Mzee hakurudi nyuma. Tope lilibaki, na mama akaendelea kulalamika kila alipofuta kabati.

Nilipofika msibani nilikuta viti vimetolewa nje, turubai limefungwa, na uani, juu ya ungo, magari yamepangwa juani kama dagaa. Yote yalikuwa yanang'aa. Dada wa marehemu, aliyefika asubuhi kutoka Kilosa, aliyakuta kabatini na tope lake, akayasugua moja moja kwa sabuni ya unga na mswaki mkuukuu. Rafiki yangu alikuwa amesimama mbele ya ungo ule. Kazi ya miaka ya baba yake ilikuwa imemwagwa na maji ya beseni. Shangazi yake alijitetea kwamba watu wanakuja kumzika kaka yake, naye asingewaachia waondoke wakisema wifi yake hafuti vumbi. Ukweli ni kwamba hakuwa na kosa. Kwetu msiba huanza na ufagio.

Mjane akatoka ndani, ameshikwa mkono. Akaliokota lile lori, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye mlango uliobonyea. "Kweli, hivi ndivyo baba yangu alivyolipenda," alisema, na wifi yake akashusha pumzi. Mama akaendelea kulitazama.

"Lakini hili ni la Jumamosi," akasema. "Mimi yule mwanamume alinikuta Jumatatu. Nileteeni udongo wake."

Kopo likaletwa, na gundi, na brashi. Mjane hukaa kwenye mkeka, hiyo ndiyo desturi, naye alikaa. Ila mkononi alikuwa na brashi, na wifi yake ndiye aliyemshikia lori. Nilimsikia akimwelekeza alishike vizuri, ainue hapo kwenye madigadi, huko ndiko linakojaa. Alipomaliza akamwita bintiye, aliyekuwa anaandaa wasifu wa marehemu, akamwambia aweke na ubishi wake. Kesho yake makaburini, baada ya elimu na kazi, tulisomewa kwamba marehemu hakuwahi kukubali kosa mbele ya mkewe na kwamba aliwahi kudhaniwa mganga chini ya lori. Watu walicheka, kisha ndipo wakalia hasa.

Nimesikia wasifu nyingi, na nimekuwa nikijiuliza kwa nini marehemu wote wa mkoa huu ni wapole, wacheshi na wapenda watu. Wabishi wetu huzikwa wapi? Mwili tunauosha, na hiyo ni haki yake. Lakini maisha nayo tunayasugua kwa sabuni ya unga, tunaondoa hasira, ukaidi na makovu ya kazi, kisha tunamlaza kaburini mtu ambaye hata mkewe asingemtambua. Hiyo tunaiita heshima. Mimi naona ni kumpoteza mara ya pili. Mzee wangu alikuwa mbishi, mwenye majivuno, na alikuwa na jicho lililojua kila alama kwenye chuma imetokana na nini. Ukiondoa moja, hayo mengine hayasimami.

Mwosha huoshwa, walisema wahenga, na zamu yangu itafika. Atakayenisemea siku hiyo namwomba asiniandalie Jumamosi. Anitafutie Jumatatu yangu, na tope lake.