Kuvaa, Kunywa Maji na Kutopotea

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda na boksi la chaki, maana nilidhani mwalimu ni chaki. Nilikuwa nimetoka kufundisha sayansi kimu shule ya msingi, Kondoa mjini, na Katibu wa msafara wa mahujaji alikuwa ameniita niwafundishe kina mama waliokuwa wakijiandaa kwenda Makka kwa mara ya kwanza. Akalitazama lile boksi, akatabasamu kidogo.

"Mwalimu Zaituni," akasema, "dua atafundisha Sheikh. Wewe utafundisha kuvaa, kunywa maji na kutopotea. Kuna mambo kina mama hawamuulizi Sheikh."

Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu mpaka nikastaafu. Ninyi mnaojiandaa siku hizi mnatumiwa video kwenye simu, na sisemi ni vibaya. Ila nataka mjue na sisi tulivyofanya.

Darasa letu lilikuwa uwanja wa madrasa. Katikati palikuwa na tangi la maji, tukalizungushia kaniki, likawa Kaaba ya kujifunzia. Kina mama walilizunguka mara saba, tangi likiwa mkono wa kushoto, na mzunguko huo ndio tunaouita tawafu. Sheikh hakuchoka kukumbusha kwamba pale tulikuwa tunafundisha miguu tu, ibada yenyewe iko kule. Kulikuwa na mbuzi wa jirani aliyependa kujiunga nasi katikati ya somo. Hatukumfukuza, kwa sababu alikwenda upande sahihi kuliko baadhi ya wanafunzi wangu.

Siku hiyo hiyo ya kwanza, bibi mmoja kutoka Haubi alinyoosha mkono.

"Mwalimu, wewe umeshafika huko?"

"Bado, bibi."

"Sasa utatufundishaje njia ambayo hujaipita?"

Nikamuuliza kama mkunga wa kijijini kwao ana watoto. Akacheka sana, akasema hana hata mmoja. Darasa likaendelea, lakini jioni nilirudi nyumbani na lile neno "bado", na nililala nalo miaka mingi baada ya hapo.

Somo lililonipa taabu ni la joto. Watu wetu ni wabishi. "Jua? Sisi jua tumezaliwa nalo," waliniambia, kama vile jua la duniani kote linatoka Kondoa. Nikawaeleza niliyoyasikia kwa waliorudi: kwetu jua lina upepo, na jioni ikifika mtu anatafuta shuka la kujifunika. Kule joto linatoka juu, linatoka sakafuni, linatoka ukutani, na usiku nao hausaidii. Kunywa maji kabla ya kiu, funda kwa funda. Weka kitambaa kibichi shingoni. Ndala mpya zivae nyumbani kwanza, zizoee mguu, usiende kuzizoesha safarini.

Wanaume walifundishwa na Sheikh, na vazi lao la ibada ni ihramu, shuka mbili nyeupe zisizoshonwa. Mtu mnene akitembea nazo juani mapaja yanachubuka. Hilo waliona haya kumuuliza Sheikh, wakawa wanawatuma wake zao kwangu. Dawa yake ni mafuta ya mgando, lakini yasiyo na harufu, kwa kuwa aliye katika ihramu haruhusiwi manukato. Hata sabuni iwe isiyonukia.

Kina mama niliwaambia gauni liwe pana, lisibane wala kuonyesha mwili, na wakiwa katika ihramu uso uwe wazi. Tulizoea kwetu kumpa kila mtu mkono na kucheka kwa sauti sokoni. Kule mwanamume asiye wako humpi mkono, na sauti unaishusha. Usimpige mtu picha. Ukiona kitu kimeanguka njiani, hata kiwe kizuri vipi, kipite. Na kila mmoja alishonewa begani kipande cha kitenge cha aina moja, kingine tukakifunga kwenye mpini wa begi. Sheria yangu ya kutopotea ilikuwa fupi: aliyepotea asitafute, asimame atafutwe.

Kabla ya safari nilikagua mabegi. Kila msimu majirani waliwabebesha mahujaji vitambaa vyeupe vya sanda, wakavifue kwa maji ya Zamzam na kuwarudishia. Sheikh alishasema jambo hilo halina msingi katika dini, na mimi nikasema halina nafasi kwenye begi. Nilivitoa vyote, nikavirudisha kwa wenyewe. Walinuna, na sikujali.

Jambo zito zaidi lilikuwa la daktari. Kila aliyetaka kwenda alipimwa, na wengine walikataliwa. Kulikuwa na mzee wa Pahi aliyekuwa amejifunza kila kitu, akaambiwa moyo wake hautaweza lile joto. Alilia mbele ya watu. Katibu akanisukumia mimi, "Mwalimu, zungumza naye."

"Mzee wangu," nikamwambia, "kutokuweza ni ruhusa. Mungu hakukuita kwa mwili usio nao."

Akafuta macho. "Nimekusikia, mwanangu. Lakini ruhusa haiondoi hamu."

Mtaniuliza kwa nini na mimi sikwenda. Wakati ule mwanamke hakusafiri bila maharimu, yaani mumewe au ndugu wa kiume asiyeweza kumuoa. Katibu alinieleza bila kuficha: "Ukienda wewe, anakwenda na mumeo. Hizo ni nafasi mbili." Na sisi tulikuwa na watoto shuleni. Tukasema tusubiri.

Mume wangu, Baba Salima, ndiye aliyekuwa dereva wa basi la mahujaji. Kila msimu tuliwapeleka hadi uwanja wa ndege Dar es Salaam, yeye kwenye usukani, mimi kiti cha nyuma yake, kina mama wakiimba kaswida njia nzima. Tukishawaaga tunageuza. Basi tupu lina kelele mbaya, viti vinagongana na madirisha yanalia. Hatukuzungumza mpaka tufike Gairo, tukishuka kunywa chai. Hapo ndipo aliposema, kila mwaka, "Zamu yetu itafika, Mama Salima." Nami nilimuamini. Kama kuna kitu ninachokitamani kuliko vyote katika kazi ile, ni chai ya Gairo na sauti yake ikiniambia hivyo.

Ofisi ilipohamia Dodoma nasi tulihama, tukapanga mtaa wa Kikuyu, baadaye tukajenga Mkonze. Darasani nako tukapata tangi jingine, tukalizungushia kaniki ile ile. Mkuu wangu mpya, Ustadhi Mratibu, alikuwa mtu wa mpangilio. Ndiye aliyeniagiza niwapeleke kina mama wa vijijini kwenye jengo moja la ghorofa mjini wakajifunze kupanda lifti, kwa kuwa hoteli za kule ni ndefu. Bibi mmoja alikataa kuingia, akasema chumba hicho kimemeza watu mbele ya macho yake na kikafunguka hakina kitu. Tulipanda ngazi pamoja, mimi na yeye, hadi juu, akawakuta wenzake wazima. Kurudi chini akatangulia yeye kwenye lifti.

Mratibu wa mwisho alikuwa kijana, ana adabu nzuri. "Shikamoo, Mama," aliniambia, "hili tangi tulipumzishe. Sasa hivi kila kitu kipo online." Nilinuna, kisha nikaikunja kaniki yangu, nikastaafu.

Siku hizi sheria imelegezwa, mwanamke anaweza kwenda na kundi bila maharimu. Na watoto wetu, waliotusubirisha, wamekua. Mwaka huu wakatuandikisha wote wawili. Baba Salima alinunua ihramu yake mapema, akawa anaivaa sebuleni na kunitaka nimkague.

Kisha tukaenda kupimwa. Daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, akasema moyo umepanuka. "Mzee, kwa joto la kule, hapana. Siwezi kusaini."

Tulirudi Mkonze tukiwa kimya kama tuko kwenye lile basi. Nilikwenda kwa Sheikh, nikamuuliza kama naweza kumhijia mume wangu, yaani kuhiji kwa niaba yake. Akanijibu kwa upole kwamba wa kumhijia mwingine lazima awe amehiji yake kwanza. Basi safari niliyo nayo ni moja, na ni yangu, na sikuitaka hivyo. Nikamwambia mume wangu kwamba nabaki.

"Yule mzee wa Pahi ulimwambia nini?" akaniuliza.

"Ulikuwepo, unajua."

"Kutokuweza ni ruhusa. Mimi nimepewa ruhusa ya kubaki. Wewe hukupewa." Akavuta pumzi. "Salima atatoka kwake Ihumwa aje akae na mimi. Nenda."

Basi nakwenda. Nimerudi darasani, safari hii nimeketi mkekani na wenzangu, namsikiliza mwalimu wa kike mwenye umri wa binti yangu akifundisha kunywa maji funda kwa funda. Anafundisha vizuri. Wiki ijayo nitakaa kiti kile kile nyuma ya dereva, dereva mwingine, na basi litageuka bila mimi. Miaka yote nilidhani siku hiyo nitafurahi tu. Sikujua kwamba mtu anaweza kupewa alichokitamani na bado akatamani.

Kwa ninyi vijana mnaofanya kazi hii sasa nina neno moja tu: mnapowaandaa wanaokwenda, wageukieni na wanaobaki. Sisi hatukuwa na somo la hao.

Jana nilikuwa napanga begi langu kitandani. Baba Salima akaja polepole, akishika ukuta, na zile shuka zake mbili mkononi, bado zina mikunjo ya dukani. Nilijua, nikakumbuka vile vitambaa vya sanda. Nikafungua mdomo kusema neno langu la siku zote, kwamba jambo hilo halina nafasi kwenye begi.

"Si za kufua," akawahi. "Sitaki Zamzam. Ukifika zianike tu, hata dirishani, zipigwe na jua la kule. Daktari amenikataza mimi, hakuzikataza nguo."

Nikatoa gauni moja na ndala za akiba. Zikaenea.