Tuta Lililofuata Mtungi

Nyie vijana wa jirani mnaosimamisha pikipiki mkija Sepuka, mkapiga picha tuta la lambo letu lilivyopinda na kuandika "injinia alikuwa amelewa", mnakera. Injinia hakuwepo kabisa. Pombe ilikuwepo, kwa hiyo mmekosea nusu tu. Tulieni mpate nusu iliyobaki.

Mwaka 1966 Theodora alikuwa na miaka thelathini na kitu, mfupi, mdomo mrefu, na pombe yake ya mtama harufu tu ilimtoa mtu shambani. Watu walimwita Mama Isaka. Akitoka na debe alfajiri kufuata maji, alirudi jua limeshachoma utosi.

Wanaume walikuwa wameunda Umoja wa Lambo, kazi ya kujitolea kila Jumamosi. Mwenyekiti Mughwai alipigilia vigingi kwenye mstari mmoja ulionyooka, kuvuka korongo. Theodora akaomba kuingia.

"Wewe utatupikia pombe," Mughwai akamwambia. "Kuchimba ni sisi."

Akapika. Shida ni kwamba kwenye kazi za pamoja mtungi ulikaa kwa mwenyekiti, na watu walionja kwanza ili wapate nguvu. Wakionja, wanapata nguvu za kuongea. Saa nne kata ya kunywea inazunguka, saa sita wamelala, saa nane "Uhuru na Kazi!" na kila mtu kwake. Mwezi wa tisa ukaisha, mbuzi anaruka tuta bila kukimbia.

Theodora akachungulia ghala lake. Mtama wa kupikia umebaki wa Jumamosi nne. Mvua ikikuta tuta halijafika ng'ambo, italibeba lote, na chakula cha watoto wake kitakuwa kimekojolewa bure.

Jumamosi iliyofuata mtungi hakuupeleka kwa mwenyekiti. Aliuweka hatua arobaini mbele ya tuta, akakaa kando yake, kata mkononi.

"Mama Isaka, lete kata!"

"Udongo ukifika hapa, na kata itafika."

"Mimi ni mwenyekiti!"

"Shikamoo, mwenyekiti. Udongo."

Wakacheka. Jua likapanda, koo zikakauka, kicheko kikaisha. Mmoja akashika sururu, wa pili akashika karai. Melkizedeki, mwalimu wa kanisa asiyekunywa, alitengewa kibuyu cha togwa hatua mbili mbele zaidi, akachimba kuwashinda walevi wote. Saa tisa udongo ukagusa mtungi. Wiki ya pili hivyohivyo.

Wiki ya tatu jua lilikuwa kali. Pombe ikikaa juani inachacha, basi Theodora akausogeza mtungi kwenye kivuli cha kichaka, pembeni. Alidhani wataangalia vigingi. Nani aliangalia vigingi? Mughwai alipoinua kichwa, hatua thelathini za tuta zilikuwa zimeacha mstari, zimekwenda kichakani.

"Nani kaamuru hii kona?"

Melkizedeki akaunyooshea mtungi kidole.

"Tubomoe!" Mughwai akafoka.

Theodora akapiga hesabu. Ghalani umebaki mtama wa Jumamosi moja, na mashariki wingu limeshaanza kuwa jeusi.

"Bomoa, mwenyekiti. Ila pombe ya kujengea mara ya pili atapika mke wako."

Wanaume wakaegemea majembe, wakamwangalia Mughwai. Inaonekana pombe ya kwake waliijua. Mzee akasonya, akaenda kung'oa vigingi kwa mkono wake mwenyewe, akavipigilia upya kuanzia kichakani.

"Jumamosi njoo na jembe," akamwambia bila kumtazama. "Umeshaingia kwenye Umoja."

"Na kata atashika nani?"

"Wewe. Kuna mwingine tunayemwogopa?"

Jumamosi ya nne wakafika ng'ambo. Mvua ikashuka wiki hiyohiyo. Theodora alisimama kwenye kona akitazama maji mekundu yakija kwa fujo, yakagonga tuta, yakatulia. Akachovya debe lake. Nyumbani alifika umande haujakauka.

Yeye hayupo tena. Ng'ombe wenu wanakunywa pale mpaka leo, ila tope limejaa nusu ya lambo. Jumamosi hii, saa moja asubuhi, acha simu, njoo na koleo. Anzia pale kwenye kona, na usithubutu kuinyoosha.